Kuwekeza kwa Miaka Mingi: Maelezo kwa Kijana, Mzazi na Mzee

Anayepanda mkarafuu hatarajii kuchuma mwakani. Mti huo hukaa takriban miaka sita hadi minane kabla ya kutoa karafuu za kwanza, kisha ukitunzwa huzaa hata kwa wajukuu wa aliyeupanda. Kwa hiyo hatuoni haja ya kumfundisha mtu wa Pemba maana ya subira katika mali. Hata Shumba, ambako ardhi ya mawe ya upande wa Micheweni imewaelekeza wengi kwenye uvuvi, mwani na mifugo, hesabu ya mkarafuu inajulikana kwa kila mtu.

Ajabu ni kwamba fedha taslimu haipewi subira hiyo. Pato la msimu hufungiwa sandukuni, au humalizika lote katika mwezi mmoja, au hukabidhiwa mtu aliyeahidi kulirejesha maradufu kabla ya mwezi mwandamo ujao. Kati ya njia hizo tatu, ya sanduku huonekana salama, lakini nayo ina hasara yake isiyoonekana. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, shilingi 1,000,000 zilizofungiwa leo zitanunua, baada ya miaka 20, vitu ambavyo leo hupatikana kwa takriban shilingi 456,000. Noti ni zile zile. Kilichopungua ni nguvu yake sokoni.

Sasa tutazame upande wa pili. Tuseme mtu anaweka shilingi 10,000 kila mwezi mahali panapompatia faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na faida hiyo haiondoi bali anaiacha izae nyingine. Baada ya miaka 10 atakuwa ameweka shilingi 1,200,000 na kumiliki takriban 2,048,000. Akiendelea hadi miaka 20, atakuwa ameweka 2,400,000 na kumiliki takriban 7,594,000. Akifika miaka 30, atakuwa ameweka 3,600,000, na mali yake itakuwa imevuka 22,600,000. Msomaji ataona kwamba miaka kumi ya mwisho imeleta zaidi ya ile ishirini ya mwanzo kwa pamoja. Huu ni mfano wa hesabu tu: faida ya kweli hupanda na kushuka, na mwaka mwingine huwa hasara. Lakini ndiyo sababu tunamwambia kijana wa miaka 20 kwamba kidogo chake cha leo kina thamani kuliko kingi atakachokipata akiwa na miaka 45.

Karafuu inatufundisha jambo jingine, nalo halifurahishi. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Miaka mia moja baadaye pigo lilikuja bila ya upepo. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza, na bei ikaporomoka. Miti ilikuwa mizima. Mnunuzi ndiye aliyeondoka. Wakulima wa mwani wanaifahamu habari hii kwa sura nyingine, kwani aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ndiyo inayokufa upesi maji yanapopata joto. Kwa sababu hiyo hatumshauri mtu yeyote aweke akiba yake yote katika kitu kimoja, hata kiwe ng'ombe, hata kiwe nyumba.

Njia halali zipo, na hazihitaji mtaji wa tajiri. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, una mpango wa hiari kwa waliojiajiri. UTT AMIS huuza vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwamo Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, na upo mfuko ambao mzazi hununua vipande kwa ajili ya mtoto wake. Hisa za kampuni huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia madalali wenye leseni. Mwenye kujiepusha na riba ana haki ya kuuliza, kabla ya kutia saini, fedha zake zitawekwa wapi; Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma ya Ikhlas inayofuata misingi ya Kiislamu. Asiyejibiwa kwa uwazi aondoke.

Upatu wa majirani ni jambo jema, nasi hatuubezi. Hata hivyo, hurudisha kile kile kilichochangwa, hivyo unafaa kwa ada ya skuli au bati la nyumba, si kwa uzee.

Umri hubadilisha kipimo. Kijana anaweza kustahimili bei ya hisa kushuka, kwa kuwa ana miaka ya kusubiri ipande. Mama wa miaka 45 bado ana muda wa kutosha, ila kwanza atenge fedha za miezi kadhaa za chakula na matibabu, ili asilazimike kuuza vipande wakati bei ni mbaya. Mzee wa miaka 65 asitie katika hisa fedha atakayoihitaji karibuni. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofikia miaka 70, ni msaada wa heshima, lakini haikukusudiwa kubeba nyumba nzima.

Kuhusu wanaoahidi kuzidisha fedha kwa wiki chache, tunaomba ikumbukwe DECI, ambako kuchangia kuliitwa kupanda mbegu. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, hadi Serikali ilipoizuia mwaka 2009. Baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Hakuna mbegu inayozaa kabla ya kuota. Kabla ya kutoa shilingi moja, uliza leseni imetolewa na nani: Benki Kuu ya Tanzania, au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kisha ithibitishe leseni hiyo kwa mtoaji mwenyewe, si kwa karatasi uliyooneshwa. Kwamba aliyekuletea habari ni jamaa au mtu wa ibada si uthibitisho. Mara nyingi naye amedanganywa.

Ukishawekeza, hifadhi stakabadhi zote, omba taarifa ya akaunti angalau mara moja kwa mwaka, na hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo katika kitambulisho. Mjulishe mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini hati hizo ziko wapi, maana warithi hawawezi kudai mali wasiyojua kuwa ipo.