Inzi wa Matunda: Mshambulie Akiwa Chini ya Mti

Je, wajua kwamba funza unayemkuta ndani ya embe hakutoboa ganda kuingia? Alizaliwa humohumo. Mama yake, inzi wa matunda, alitua juu ya embe lililokaribia kukomaa, akachomeka mrija mkali ulio kwenye ncha ya tumbo lake, akaacha mayai chini ya ganda na kwenda zake. Kinachobaki ni kitundu kidogo mno, pengine na tone la utomvu. Siku chache baadaye mayai yanaanguliwa, na funza wanaanza kula wakiwa wamejificha ndani ya nyama ya tunda.

Hapo ndipo wengi wetu hapa Moshi tunapopoteza fedha. Funza wakionekana tu, bomba la dawa linabebwa mgongoni, mwembe wa uani unapuliziwa mpaka unachuruzika, na wiki inayofuata maembe yanaendelea kudondoka yakiwa yameoza. Dawa imeishia kwenye majani na juu ya ganda. Funza yuko ndani, anakula. Waliokufa ni nyuki na wadudu wengine waliokuwa wakitusaidia, na watoto wanaokwea mti ule kuangua maembe wanabaki na sumu mikononi.

Inzi anayesumbua zaidi ni mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na haukupita muda akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina Bactrocera invadens, wakidhani ni spishi mpya. Mwaka 2015 wakakubaliana kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis aliyejulikana Asia miaka mingi. Si vigumu kumtambua. Anakaribia ukubwa wa inzi wa nyumbani, mgongo wake una rangi ya giza na mistari miwili ya njano ubavuni, na mabawa yake yanapitisha mwanga isipokuwa mstari mweusi mwembamba kwenye ukingo wa mbele. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani.

Anapenda joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliomfuatilia kuanzia Morogoro mjini hadi miteremko ya Uluguru, waliona anatawala sehemu za chini, na juu kwenye baridi nafasi yake inashikwa na inzi wengine wa jamii ya Ceratitis. Kwa hiyo aliye tambarare ya Moshi na aliye kihambani juu Kibosho au Marangu hawana shida moja kwa kiwango kimoja, ingawa hata kwenye maparachichi ya vihamba vya Kilimanjaro watafiti wamemkuta. Mapera anayapenda mno, na mpera ulioota wenyewe kando ya ua, usio na mwenyewe, ndio unaomlea wakati msimu wa maembe umepita.

Sasa tuangalie funza akishashiba. Ananyonga mwili wake, anauachia ghafla na kuruka kutoka kwenye tunda, kisha anachimba udongoni, kina cha vidole viwili vitatu tu. Humo anajifungia ndani ya ganda la kahawia, dogo kama punje ya ngano, na baada ya siku kumi hivi anatoka akiwa inzi kamili. Chimba kidogo chini ya mwembe wenye matunda yaliyooza, utayaona maganda hayo mwenyewe. Kila embe unaloliacha likiozea pale ni kizazi kijacho kinachosubiri kurudi juu ya mti uleule.

Dawa ya kwanza, basi, ni mikono yako. Okota matunda yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, na yale yenye dalili yachume hata kama bado yananing'inia. Yafukie kwenye shimo lenye kina cha futi mbili au zaidi. Usiyatupe kwenye jaa la mbolea wala pembeni mwa migomba, maana huko funza wanamalizia ukuaji wao kwa raha. Maembe yaliyokomaa yachume mapema, yaivie ndani.

Pili ni mitego. Dume huvutwa na kemikali iitwayo methili yujenoli, ambayo mimea kadhaa ya jamii ya mrehani huwa nayo kiasili. Ikichanganywa na kiuatilifu ndani ya mtego, madume huifuata na kufa, na majike hukosa wa kuwapanda. Japani ilitumia njia hiyo katika visiwa vyake vya kusini, na kufikia mwaka 1986 ilikuwa imemtokomeza. Majike nao wanahitaji protini ili mayai yakomae, ndiyo maana chambo cha protini chenye dawa hupuliziwa sehemu ndogo tu ya majani badala ya kuulowesha mti mzima. Ulizia dukani kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na mwone afisa ugani kabla ya kununua.

Yupo pia msaidizi ambaye wengi hawajamsikia: nyigu mdogo sana, Fopius arisanus, asiyemdhuru mtu. Hutaga yai lake ndani ya yai la inzi, na mwishowe kwenye lile ganda la udongoni anatoka nyigu badala ya inzi. Alishaisaidia sana Hawaii tangu miaka ya 1940, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kilimleta Afrika Mashariki. Ukipulizia sumu ovyo unamuua yeye kwanza. Wako wanaoweka matunda mabovu ndani ya hema la wavu wenye matundu ambayo nyigu anapenya na inzi hapenyi. Adui anafia ndani, rafiki anarudi shambani. Kwangu mimi hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika vita hivi.

Inzi huyu hajui mpaka wa ua. Ukiokota peke yako na jirani akaacha, utaendelea kula funza. Semeni kwenye mkutano wa kitongoji, mkubaliane siku ya kuokota, nyumba kwa nyumba, na ule mpera usio na mwenyewe msiusahau.