Je, Wajua? Dola ya Gitega Si Dola ya Paris

Je, wajua kwamba pato la Mrundi kwa mwaka, likibadilishwa kwa bei rasmi ya fedha za kigeni, huonekana dogo sana, lakini likipimwa kwa usawa wa uwezo wa kununua huongezeka sana? Sababu ni kwamba bei ya kunyolewa, chumba cha kupanga au mkungu wa ndizi mjini Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, hufuata ujira wa hapohapo, si wa Paris. Kwa kipimo hicho Benki ya Dunia huchora mstari wa umaskini, ambao Juni 2025 uliwekwa kwenye dola 3 kwa siku.

Atakayesema basi umaskini umetiwa chumvi amesahau kuwa kipimo hicho ni wastani, na kila kaya ina kapu lake. Mkulima wa Muyinga hula maharage ya shamba lake. Hayapiti sokoni, ila mtakwimu huyakadiria bei na kuyahesabu kama matumizi. Petroli na dawa, hata hivyo, hununuliwa nje kwa dola, na Mei 2023 bei rasmi ya dola moja ilipanda kutoka faranga 2,100 hivi hadi zaidi ya 2,800. Kwa hiyo kipimo cha uwezo wa kununua hueleza vizuri chakula cha nyumbani, lakini gharama ya kuagiza dawa na mafuta huonekana kwenye bei ya dola. Tunahitaji vipimo vyote viwili.