Diski pacha

Diski pacha (pia: RAID 1) ni mpango wa kuhifadhi data katika kompyuta ambapo diski kuu mbili huandikiwa data zilezile kwa wakati mmoja, ili moja ikiharibika nyingine iendelee na kazi. Jina RAID linatokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani.

Hata hivyo, kompyuta ya aina hii inaweza kukataa kuwaka ingawa diski moja ni nzima. Mara nyingi programu ndogo ya kuanzisha mfumo endeshi, kama GRUB katika Linux, iliwekwa kwenye diski ya kwanza tu. Hiyo ikifa, ya pili ina data zote lakini haina pa kuanzia. Pengine ni betri ya ubao mama iliyokwisha: mipangilio ya BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani, RAID ikazimwa, na watu wakazilaumu diski bure.

Hatari kubwa huja wakati wa matengenezo. Diski mpya ikiwekwa, jozi hujengwa upya kwa kunakili ile nzima. Fundi akikosea mwelekeo, utupu wa diski mpya hufuta data za zamani. Kwa hiyo kwanza data hunakiliwa kwenye diski ya tatu, na namba iliyobandikwa kwenye kila diski huandikwa kabla ya waya wowote kuchomolewa.