"Pampu imekufa, tuma hela"

Mshahara ukiingia tu hapa Manfuha, na ujumbe wa nyumbani huo: pikapu ya petroli haiwaki, fundi kasema pampu mpya. Kabla hatujatuma riyali, tuombe picha ya mita. Fundi apime nyaya mbili za pampu, plagi ikiwa imechomekwa, huku mtu anapiga stata.

Ikisoma karibu sawa na betri na pampu kimya, basi imekufa kweli, tununue. Isiposoma kitu, pampu haijahukumiwa bado: aangalie fyuzi, rilei, na waya wa bodi, maana kwenye gari kuukuu hushika kutu. Ikisoma pungufu sana, kuna kiungo kibovu njiani.

Na kama ni Kenta ya zamani ya dizeli? Nyingi pampu yake huzungushwa na injini. Hapo muulize fundi umeme gani anaousema.