Kadi ya Makumbusho na Jina Lisiloandikwa

Kila kitu kinachoingia makumbusho hupewa namba. Mhifadhi hutafuta mahali pasipoonekana na mtazamaji, chini ya chungu au nyuma ya ngao, akapaka vanishi kidogo, akaandika namba kwa wino, kisha akaifunika kwa vanishi tena. Namba hiyo ndiyo inayokiunganisha kitu na kadi yake: ni kitu gani, kina vipimo gani, kilitoka wapi, kilipokelewa lini, nani alikileta. Kwa vitu vilivyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, aliyekileta mara nyingi ni ofisa wa jeshi, mmisionari, daktari au mkuu wa wilaya. Aliyekichonga hatajwi, wala aliyekuwa nacho. Kama kilinunuliwa, kilitolewa zawadi au kilichukuliwa kwa mtutu wa bunduki, kadi haisemi.

Watu wakizungumzia mabadiliko ya makumbusho, aghalabu hutaja taa mpya, skrini za kugusa na mikahawa. Kwa maoni yangu badiliko kubwa la kizazi chetu liko kwenye kadi hiyo. Makumbusho yalianza kama ghala la vitu vya watu wengine. Sasa yanalazimika kuwajibu watu hao.

Mabishano juu ya wajibu huo yamefika hadi kwenye fasili rasmi ya makumbusho. Mwaka 2019, mkutano wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho mjini Kyoto ulishindwa kukubaliana juu ya maana mpya ya taasisi hii, kura ikaahirishwa. Agosti 2022, mjini Prague, maana mpya ilipitishwa kwa asilimia 92 ya kura. Kuhifadhi, kutafiti na kuonyesha bado vimo. Kilichoongezwa ni kwamba makumbusho yafikike na yajumuishe watu wote, na yafanye kazi kwa ushiriki wa jamii. Kwenye karatasi ni maneno machache tu, lakini kwa jamii iliyopoteza vitu vyake yana uzito.

Chukua vigango. Wagiriama wa pwani ya Kenya humsimamishia kigango marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha wazee kiitwacho Gohu. Ni nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichonakshiwa kwa pembetatu ndogondogo, moja baada ya nyingine. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Hata mji wa familia ukihama, kigango hubaki; mvua na mchwa vikikimaliza, basi kimeisha. Kuanzia miaka ya 1970 vilianza kuibwa kwa wingi na kuuzwa kama sanaa, vingi vikaishia Marekani.

Familia moja ilirudishiwa vigango vyake viwili kati ya 2006 na 2007, kutoka makumbusho mawili ya huko. Iliwezekana kwa sababu mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee wa familia hiyo akiwa kando ya vigango hivyo, muda mfupi kabla havijaibwa. Picha ilifanya kazi ambayo kadi haikufanya. Lakini vigango 30 vilivyotoka makumbusho ya Denver na kufika Kenya mwaka 2019 vilipokelewa na Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa hakuna aliyeandika vilitoka kwenye mji gani. Wafanyabiashara walivifutia ukoo wake, na makumbusho yaliyovipokea hayakuuliza.

Hapo mhifadhi anakutana na swali ambalo hakufundishwa. Kazi yake ni kuzuia kitu kisioze. Kigango kilichongwa kisimame kwenye jua na mvua mpaka kiishe. Je, akipulizie dawa ya mchwa na kukiweka ghalani kwenye hewa iliyopimwa? Mimi naona wenye kauli ni wazee wa Kigiriama, hata kama watasema kiachwe kioze. Kitu kinaweza kuheshimiwa kwa kuachwa.

Uzito wa kadi unaonekana zaidi inapohusu mwili wa binadamu. Mangi (mtawala) Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na ukoo wake umeishi miaka yote ukiamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjini Berlin, taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali imechunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka eneo lililokuwa Afrika Mashariki ya Ujerumani, mengi yakiwa ya Rwanda. Kwenye fuvu moja palikuwa pameandikwa neno Akida. Watafiti walilifuata neno hilo mpaka Kilimanjaro, wakachukua sampuli za vinasaba kwa watu walio hai, na Septemba 2023 wakatangaza kuwa zimelingana: ni fuvu la mshauri wa Mangi Meli. Neno moja liliunganisha babu na wajukuu. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji Songea na kuomba msamaha. Songea Mbano na wenzake, wapiganaji wa vita vya Majimaji, walinyongwa huko na Wajerumani mwaka 1906, na makumbusho yale yako penye makaburi yao. Watu hawaendi kule kutazama vitu tu. Wanakwenda kuzuru wafu wao na kudai kilichobaki Ulaya.

Katika kuyajibu madai hayo kuna jambo nisilokubaliana nalo: kumkopesha mtu kitu cha babu yake. Mwaka 2024 vitu 39 vilitoka Cambridge kwenda Makumbusho ya Uganda, kwa mkopo. Ni hatua, na wenzetu wa Kampala wamefanya kazi kubwa kuifikia, lakini umiliki ulibaki Cambridge.

Nasi tuna deni hapa nyumbani. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George V, na ya Nairobi yaliitwa Coryndon, jina la gavana. Majina yalibadilishwa, rejesta zilirithiwa. Hata mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, takribani tani 225 iliyobebwa vichwani hadi Lindi kati ya 1909 na 1913, kwa miaka mingi ilisimuliwa kwa majina ya wanasayansi wa Kijerumani, huku msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, akiachwa pembeni. Dinosaria aliyesimamishwa Berlin ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mamia ya wapagazi waliombeba hawakupewa hata mstari.

Kadi hizo zinaweza kujazwa, na wenye habari wengi hawafanyi kazi makumbusho. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya babu na fimbo yake, ngoma ya ukoo au kaburi lenye nguzo, andika nyuma yake majina, kijiji na mwaka. Kisha peleka nakala kwenye makumbusho yaliyo karibu nawe, uombe iingizwe kwenye rejesta.