Hungaria: Nchi isiyo na bahari na kazi ngumu ya kutafsiri maneno ya boti ya Waingereza

Mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni akifungua kitabu cha kuendesha boti ya matanga, atashangaa. Neno « sheet », ambalo yeye analijua kama shuka la kitanda, humo ni kamba. « Painter », yaani mchoraji, ni kamba pia: ile ya mbele inayofunga mtumbwi gatini. Na « head », kichwa, ni choo cha ndani ya boti.

Kwa Wahungaria, wanaopenda sana mchezo wa matanga lakini hawana hata mita moja ya pwani, hilo si jambo la kucheka tu. Mfasiri anayefuata kamusi bila kuijua kazi yenyewe ataandika « lepedő », « festő » na « fej », yaani shuka, mchoraji na kichwa. Kijana anayejifunza kwa kitabu hicho ataambiwa alegeze shuka wakati upepo unapiga tanga na boti inalala ubavu. Juu ya maji, neno si mapambo. Neno ni amri, na anayeisikia hana dakika ya kuuliza maana yake.

Hungaria imezungukwa na nchi nyingine pande zote. Maji yake makubwa ni mto Danube, unaopita katikati ya mji mkuu Budapest, na ziwa Balaton, lenye urefu wa kilometa 77 hivi na ukubwa wa karibu kilometa za mraba 600. Kwa msomaji wa Goma au Bukavu, hilo ni ziwa dogo: Kivu inalizidi zaidi ya mara nne. Tena halina kina. Kwa wastani Balaton ina mita tatu na kidogo, na sehemu nyingi za upande wa kusini mtu anatembea mbali ndani ya maji akiwa bado amesimama. Lakini maji ya namna hiyo yakipigwa na upepo yanachafuka haraka, na kila mwenye boti huko anajua hivyo.

Nchi hii haikukosa bahari siku zote. Kuanzia mwaka wa 1779, isipokuwa vipindi vichache, mji wa bandari wa Fiume, ambao leo unaitwa Rijeka na uko Kroatia, ulihesabiwa chini ya taji la Hungaria. Ndiko wahamiaji wengi walikopanda meli kwenda Marekani. Meli Carpathia, iliyookoa watu wa Titanic mwezi wa nne mwaka wa 1912, ilikuwa imetoka New York ikielekea huko Fiume, na mmoja wa madaktari wake alikuwa Mhungaria, Árpád Lengyel. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, bandari hiyo ikapotea. Kuanzia 1920 mpaka 1944 nchi iliongozwa na Miklós Horthy, amirali asiye na bahari, mtawala wa muda katika ufalme usio na mfalme. Wahungaria wenyewe ndio wa kwanza kulifanyia mzaha jambo hilo.

Kwenye Balaton, mambo ya maboti yalianza na watu waliovutiwa na Uingereza. Mwanasiasa István Széchenyi, aliyekuwa ametembelea nchi hiyo na kuona mashine zake, aliandika mwaka wa 1846 kitabu kidogo juu ya usafiri wa meli za mvuke kwenye ziwa hilo, na mwaka huohuo meli ya kwanza ya mvuke, Kisfaludy, ikaingia majini. Katika miaka ya 1880, fundi Mwingereza Richard Young alikuwa anatengeneza boti za matanga katika mji wa Balatonfüred kwa ajili ya matajiri. Na mwaka wa 1884, katika mji huo, kikaanzishwa chama cha watu wa matanga kilichoitwa Stefánia Yacht Egylet. Neno « yacht » liliandikwa kama Waingereza wanavyoliandika. Leo Wahungaria wanaandika « jacht ».

Huyo Stefánia ni nani? Ni binti mfalme Stéphanie, mke wa Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria. Baba yake ni Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, yule aliyekuwa wakati uleule anajitafutia Kongo iwe mali yake. Chama cha matajiri wa Balaton kilipata jina la binti yake mwaka uleule ambao Mkutano wa Berlin ulifunguliwa. Miaka minne baadaye, Mhungaria Sámuel Teleki, aliyesafiri na wapagazi waliosema Kiswahili kutoka pwani, aliyapa maziwa mawili ya Afrika Mashariki majina ya bwana na bibi hao: Rudolf, ambalo leo ni Turkana, na Stefanie, ambalo leo ni Chew Bahir, huko Ethiopia. Wenyeji wa maziwa hayo walikuwa na majina yao, bila shaka.

Lakini Waingereza hawakukuta kapu tupu kwenye Balaton. Kihungaria kilikuwa tayari na maneno ya maji, yaliyookotwa njiani kwa karne nyingi. « Tenger », bahari, lina asili ya Kituruki. « Vitorla », tanga, na « csónak », mtumbwi mdogo, yametoka kwa majirani Waslavi. « Matróz », baharia wa kazi za mikono, ni la Wajerumani. Hao Wajerumani ndio waliojaza mdomo wa wanamatanga: ile kamba ya « sheet », ambayo manahodha wa pwani ya Afrika Mashariki wanaiita demani, Wahungaria wanaiita « schott », kutoka Kijerumani. Kwa hiyo mara nyingi neno la Kiingereza halipati tafsiri ya Kihungaria hasa. Linapata neno la Kijerumani lenye nguo za Kihungaria.

Maneno mengine wameyajenga wenyewe, na hapo lugha inapendeza. Bandari ni « kikötő », kutoka kitenzi cha kufunga kamba: ni pahali pa kufungia. Nguzo fupi ya gatini inayofungiwa kamba inaitwa « kikötőbika », fahali wa bandari. Kikapu cha juu ya mlingoti, ambamo mlinzi anakaa kutazama mbali, Waingereza wanakiita kiota cha kunguru. Wahungaria wamemfukuza kunguru, wanasema « árbockosár », kikapu cha mlingoti tu. Sehemu ya mbele ya meli, ambayo kwa Kiingereza ni « bow », neno linaloandikwa sawasawa na lile la upinde na la kuinama, kwao ni « orr », pua. Ya nyuma ni « far », makalio. Hakuna atakayesahau.

Kuna pia neno ambalo pande zote mbili zimelichukua kwenye mti mmoja. Ule mti wa chini wa tanga, unaohama kwa nguvu kutoka upande mmoja kwenda mwingine boti inapogeuka, kwa Kiingereza ni « boom ». Kwa Kihungaria ni « bum ». La kwanza limetoka Kiholanzi, la pili Kijerumani, na katika lugha hizo mbili maana ya asili ni mti. Bahati ni kwamba « bumm », kwa Kihungaria, ni sauti ya kitu kinachogonga. Anayechelewa kuinamisha kichwa anajifunza maneno yote mawili kwa mara moja.

Shida kubwa iko kwenye kushoto na kulia. Waingereza wa meli hawasemi kushoto na kulia, kwa sababu mtu anayetazama nyuma na mtu anayetazama mbele hawaelewani. Wana maneno ya upande wa meli yenyewe, yasiyobadilika: « starboard » ni mkono wa kulia wa meli, neno la zamani lenye maana ya upande wa usukani, na wa kushoto ulikuwa « larboard ». Katika kelele ya dhoruba maneno hayo mawili yalifanana mno. Mwaka wa 1844 wakuu wa jeshi la maji la Uingereza waliamuru « larboard » liachwe na « port » litumike pahali pake. Mwaka huohuo, bunge la Hungaria lilikuwa linapitisha sheria ya kukifanya Kihungaria kuwa lugha rasmi ya nchi, pahali pa Kilatini.

Mfasiri wa Kihungaria ana « bal » na « jobb » tu, kushoto na kulia za kila siku, na anaongeza neno « upande » au « ubavu » ili msomaji aelewe kwamba ni wa meli. Tena maneno hayo yana mizigo yao. « Jobb » ni kulia, lakini pia ni « bora zaidi ». Na « bal » limo ndani ya neno « baleset », ajali. Lugha imeshahukumu kabla nahodha hajageuza usukani.

Mtego mbaya kuliko yote uko katika amri za zamani. Wakati usukani ulikuwa mti mrefu wa kusukuma kwa mkono, ukisukuma mti kulia, meli inageuka kushoto. Amri ilitaja mti, haikutaja meli. Hata magurudumu yalipokuja, Waingereza waliendelea na desturi hiyo mpaka miaka ya 1930. Ndiyo sababu usiku wa Titanic amri iliyotolewa mbele ya barafu ilikuwa « hard a-starboard », na meli ikageuka kushoto, kama afisa alivyotaka. Anayetafsiri masimulizi ya usiku ule akiandika « jobbra », kulia, bila maelezo, anamfanya msomaji afikiri kwamba mshika usukani alikosea. Mtu huyo alitii amri barabara. Neno ndilo lililokuwa linatazama upande mwingine.

Usukani wenyewe unaitwa « kormány ». Neno hilohilo ndilo la serikali. Gazeti la Budapest likiandika kwamba « kormány » imeanguka, hakuna mtu anayekimbilia boti. Anayesema Kifaransa hawezi kushangaa: « gouvernail » na « gouvernement » ni ndugu, yote mawili kutoka kitenzi cha Kilatini cha kuongoza meli, na gavana yuko katika ukoo huo. Kiingereza kimetenganisha mambo: serikali imebaki na neno la Kilatini, usukani una jina lake. Kwa hiyo mfasiri anayetoka Kihungaria kwenda Kiingereza ndiye anayepaswa kuchagua, na mzaha wa mwandishi wa Kihungaria unaoshika maana zote mbili unazama.

Kwa upande mwingine, kuna kitu cha Waingereza kisichovuka. Wao wamezoea kuita meli « she », kama mwanamke, ingawa Lloyd's List, gazeti kongwe la habari za meli, liliacha desturi hiyo mwaka wa 2002. Kihungaria hakina mwanamume wala mwanamke katika viwakilishi vyake, kama Kiswahili. Imre Szász, aliyetafsiri Moby Dick, hakuwa na neno hilo la kutumia. Nahodha anaweza kuipenda meli yake kama mke, lakini itabidi aseme hivyo waziwazi.

Mambo haya yanaweza kuonekana ya watu wa vitabu, mpaka usiku wa tarehe 29 Mei 2019. Siku hiyo, katikati ya Budapest, meli kubwa ya watalii Viking Sigyn iliigonga kwa nyuma boti ndogo Hableány karibu na daraja la Margit. Ndani ya boti walikuwamo watu 35: Wakorea Kusini 33 na wafanyakazi Wahungaria 2. Waliookoka ni 7. Boti ilizama kwa sekunde chache. Nahodha wa meli kubwa, raia wa Ukrainia, alihukumiwa mwaka wa 2023 kifungo cha miaka mitano na nusu na mahakama ya kwanza, kwa uzembe. Jina Hableány, ambalo magazeti ya dunia yalilitafsiri kama nguva, kwa Kihungaria ni msichana wa povu.

Danube inapita nchi kumi, na Tume ya Danube, yenye makao Budapest, kwa miaka mingi imefanya kazi kwa Kijerumani, Kifaransa na Kirusi. Kiingereza hakikuwamo. Baharini ni kinyume: tangu mwaka wa 2001 shirika la kimataifa la usafiri wa bahari lina orodha ya sentensi za Kiingereza zilizopunguzwa makusudi, bila maneno yenye maana mbili, ili Mfilipino na Mhungaria waelewane kwenye redio. Hata mwito wa hatari, « Mayday », ambao hautafsiriwi kamwe, ni Kifaransa cha « m'aider », nisaidie, kilichoandikwa kwa masikio ya Waingereza.

Kwenye Balaton, kwa jambo la hatari kuliko yote, hawakutegemea lugha yoyote. Kuzunguka ziwa kuna taa za dhoruba. Zikimetameta mara 45 kwa dakika, upepo mkali unakuja, na wanaoogelea wasiende zaidi ya mita 500 kutoka ufukweni. Zikimetameta mara 90, kuogelea ni marufuku, na maboti yanarudi bandarini.