Dandara: Gemu ya Shujaa Asiyetembea

Dandara ni gemu ya kuruka na kuvumbua iliyotengenezwa na Long Hat House, kampuni ndogo ya mjini Belo Horizonte nchini Brazil, na kuingia sokoni mwaka 2018 kupitia Raw Fury ya Sweden. Shujaa wake ni mwanamke mweusi mwenye mtandio mrefu unaopepea nyuma yake. Mwanamke huyo hatembei. Hakuna kitufe cha kumpeleka kushoto wala kulia, hakuna kukimbia, hakuna hata hatua moja. Akitaka kuhama, huruka kutoka pale aliponata na kwenda kunata kwingine, iwe ni sakafuni, ukutani au darini.

Ili kuona jinsi uamuzi huo ulivyo mzito, inafaa kukumbuka gemu za kuruka zilivyozoeleka. Tangu Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezaji amekuwa na mambo mawili mkononi: kwenda na kuruka. Kidole gumba cha kushoto humtembeza mhusika, cha kulia humrusha, na ardhi humvuta arudi chini. Raha yote ya gemu za aina hiyo imejengwa juu ya mvuto huo. Mchezaji hukadiria shimo lina upana gani, hukimbia kupata kasi, huruka, kisha hurekebisha mwendo angali hewani. Dandara imeondoa nusu ya kwanza kabisa, na ile nusu ya pili imeigeuza. Hapa mvuto wa ardhi hauna kazi. Mwanamke huyu akisimama darini kichwa chini, hapo ndipo sakafu yake mpaka atakaporuka tena.

Hata hivyo hanati popote tu. Kila chumba kina sehemu nyeupe, kama chumvi iliyokauka juu ya jiwe, na hizo peke yake ndizo zinazomshika. Mchezaji huelekeza kijiti cha padi upande anaoutaka, mstari hutokea kwenye skrini ukionyesha atakapotua, kisha hubonyeza na safari humalizika kufumba na kufumbua. Mruko una kikomo cha umbali, na hauwezi kupinda njiani. Kwa hiyo chumba ambacho kwa jicho la kawaida kina kuta na nguzo, kwa Dandara ni vituo vilivyotawanyika, na kazi ya kwanza ya mchezaji ni kuvisoma: kutoka hapa naweza kufika wapi, na nikifika kule nitaona nini ambacho hapa kimefichika?

Mfumo huu ulizaliwa kwenye kioo cha simu. Kabla ya Dandara, Long Hat House ilikuwa imetengeneza Magenta Arcade, gemu ya simu ambayo ndani yake kidole cha mchezaji ndicho mpiganaji mwenyewe. Dandara nayo ilianza kufikiriwa kwa ajili ya skrini ya kugusa. Aliyewahi kucheza gemu ya kuruka kwenye simu anaijua taabu yake. Watengenezaji wengi huchora vitufe vya padi juu ya kioo na kumwachia mchezaji ahangaike navyo. Kidole hakihisi ukingo wa kitufe kilichochorwa, huteleza bila mwenyewe kujua, na wakati huohuo huziba sehemu ya picha. Kutembea kunadai kidole kishikilie mahali pamoja kwa muda mrefu, na hilo ndilo jambo ambalo kioo hulifanya vibaya kuliko yote. Kuelekeza upande na kuachia, kioo hulifanya vizuri sana. Badala ya kuubebesha mkono wa mchezaji desturi ya mashine nyingine, Long Hat House iliondoa kile ambacho kioo hakikiwezi na kubakiza kile ambacho kioo kinakiweza. Kisha, na hapa ndipo kazi yao inapostahili heshima, waliuhamisha mfumo huohuo hadi kwenye padi bila kuulegeza. Gemu ilipotoka ilichezwa kwenye kompyuta, PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch, na vilevile kwenye simu za iOS na Android, na kote mwanamke yule hakuongezewa hata hatua moja.

Upande wa kuvumbua unafuata mila iliyojengwa na Metroid ya mwaka 1986 na Castlevania: Symphony of the Night ya mwaka 1997. Katika gemu za ukoo huo dunia haikatwi vipande vya kumaliza kimoja baada ya kingine. Ni ramani moja kubwa yenye njia zilizofungwa, na funguo zake ni uwezo au vifaa ambavyo shujaa huvipata mbali na mlango wenyewe. Mchezaji hupita mahali, huona kizuizi asichokiweza, hukiweka moyoni, na saa kadhaa baadaye hurudi akiwa na nguvu mpya. Dandara inaufuata utaratibu huo bila kuuvuruga sana. Kinachobadilika zaidi ni maana ya kurudi. Chumba kilichomchukua mchezaji dakika nzima mara ya kwanza, akibahatisha na kugonga miiba, mara ya pili hukivuka kwa miruko minne mfululizo, na vidole haviyasubiri tena macho. Hakuna kifaa kilichoongezwa hapo. Mkono ndio uliojifunza.

Ramani ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kwa kuwa shujaa hana juu wala chini ya kudumu, gemu nayo haijifungi kuvitunza: akipita mlango, chumba kinaweza kugeuka pamoja naye, na kilichokuwa ukuta kikawa sakafu. Mchezaji aliyezoea kujiambia "lengo liko juu kulia" hujikuta amepotea kwenye chumba alichokipita muda mfupi uliopita. Wapo wanaochoshwa na jambo hili, na malalamiko yao yana msingi, hasa pale mtu anaporejea baada ya siku kadhaa bila kucheza. Lakini kuuweka upande mmoja uwe juu milele kungeuharibu mchezo wenyewe. Ramani ya Dandara hukumbukwa kwa mfuatano wa vituo, kama mtu anavyoijua njia ya shamba kwa mti wa kwanza, kisima, kisha kilima, bila kujiuliza kaskazini ni wapi.

Katika mapigano, kukosa miguu kunahisiwa mara moja. Silaha ya Dandara ni mshale wa nguvu ambao hulazimu kushikilia kitufe kidogo kabla ya kuuachia, nao hauendi mbali. Katika gemu ya kawaida risasi ikija, mtu hujisogeza nusu hatua ikapita. Dandara hana nusu hatua. Kila kukwepa ni kuhama kabisa, na asiyekuwa na kituo cha pili akilini hurukia kwenye hatari nyingine. Akifa, chumvi aliyoikusanya, ambayo ndiyo fedha ya kujiongezea afya na nguvu kwenye kambi za kupumzikia, hubaki pale alipoangukia. Anaweza kuirudia na kuiokota, ila akifa tena kabla hajaifikia, imepotea. Mwezi Machi 2020 gemu ilipewa toleo lililopanuliwa liitwalo Trials of Fear Edition, lenye maeneo mapya, nguvu mpya na mwisho mwingine, na waliokuwa nayo tayari hawakutozwa chochote.

Chumvi si fedha tu, ni jina la dunia yenyewe. Watu wake waliishi huru hadi walipoangukia chini ya jeshi la Eldar, na sasa wametenganishwa na kunyamazishwa. Dandara anatokea kuwarudishia uhuru wao. Njiani kuna kijiji cha wasanii, na huko anaishi mhusika aitwaye Tarsila, jina la Tarsila do Amaral, mchoraji wa Brazil aliyechora Abaporu mwaka 1928.

Jina la shujaa mwenyewe limetoka mbali zaidi. Katika karne ya 17, watu waliotoroka utumwa katika mashamba ya miwa ya Pernambuco walijenga makazi yao milimani, katika eneo lililo leo ndani ya jimbo la Alagoas. Makazi hayo yaliitwa Palmares, na yalidumu karibu miaka mia moja yakipigana na Waholanzi kwa wakati wao na Wareno kwa wakati wao. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa wametolewa Angola na Kongo. Hata neno linalotumika Brazil kwa makazi ya namna hiyo, quilombo, ni kilombo ya Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, na msemaji wa Kiswahili anaitambua hiyo ki- ya mwanzo bila kufundishwa. Kiongozi wa mwisho wa Palmares anayejulikana zaidi ni Zumbi, aliyeuawa tarehe 20 Novemba 1695. Mapokeo yanamtaja Dandara kuwa mke wake na mpiganaji aliyeshiriki kuilinda Palmares. Hati za zama zile hazimtaji, na wanahistoria wanatofautiana kama alikuwa mtu mmoja halisi, lakini mwaka 2019 sheria ya Brazil iliandika jina lake katika kitabu cha mashujaa wa taifa.

Mapokeo hayohayo yanasema kwamba alipokamatwa, tarehe 6 Februari 1694, alijirusha kutoka ukingo wa jabali ili asirudishwe utumwani. Gemu yenye jina lake ilitolewa tarehe 6 Februari, miaka 324 baadaye.